Kichwa Kikishapigwa: Mikono Ifanye Nini, Iache Nini

Mtu akianguka na pikipiki kwenye barabara ya kutoka Tseikuru kwenda Kyuso, mikono ya kwanza kumfikia si ya daktari. Ni ya abiria mwenzake, ya mama anayeuza ndengu kando ya njia, ya mwendeshaji boda aliyekuwa nyuma yao. Watamwinua, watamkung'uta vumbi, watamgeuza kichwa waone damu inatoka wapi. Jioni akiwa nyumbani ataitwa mzee wa kukanda. Wiki mbili baadaye, kichwa kikiwa bado kinamuuma, kinyozi atamnyoa na kumalizia kwa kumzungusha shingo mpaka ilie. Na akiwa na jamaa Nairobi, huenda akaambiwa kuna mtaalamu wa osteopathi anayetibu ubongo kwa kulishika fuvu tu.

Mikono hiyo yote ina nia njema. Lakini mkono unaofaa mwezi wa pili unaweza kuua siku ya pili, na uko mwingine usiosaidia siku yoyote. Ukiwa ndiwe mwenye mgonjwa, kazi yako ni kujua nani aguse wapi, lini, na nani umkatalie kwa heshima.

Wakandaji wengi hawalisemi hili waziwazi: hakuna mkono unaofika kwenye ubongo. Ubongo umefungiwa ndani ya mfupa, unaelea kwenye maji, na jeraha lake linapona kwa muda, usingizi, chakula, dawa pale zinapohitajika, na mazoezi ya kuurudisha kazini hatua kwa hatua. Mkono una kazi kwingine: kwenye shingo iliyotikiswa pamoja na kichwa, kwenye sikio la ndani lililovurugika, na kwenye viungo vilivyoanza kukakamaa. Kazi hiyo si ndogo. Yapo maumivu ya kichwa yanayobaki miezi na miezi baada ya ajali ambayo chanzo chake ni shingo, na hayo mkono unayaweza.

Siku mbili za kutazama tu

Saa 48 za kwanza hakuna kukanda, hakuna kuchua kwa mafuta, hakuna kuvuta shingo eti irudi mahali pake. Pigo lililotikisa ubongo linaweza kuwa limevunja pingili ya shingo bila mtu kujua, na kuigeuza shingo hiyo kunaweza kuumiza uti wa mgongo. Mtu akiwa amezimia au analalamikia shingo, mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kilingane na mwili. Akitapika, ageuzwe ubavu mzima mzima, watu watatu au wanne wakifuata sauti ya huyo aliyeshika kichwa. Kumbana katikati ya watu wawili juu ya pikipiki ili afike hospitali ya Tseikuru ni desturi ninayoielewa, kwa sababu gari ni shida, lakini shingo iliyolegea inatikisika kwenye kila shimo. Pigeni 1199, nambari ya dharura ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Huku mkisubiri, tafuteni pikapu au hata lori la mbuzi, na godoro la kumlaza.

Dalili zinazomrudisha mtu hospitali hata usiku wa manane ni hizi: kutapika mara kwa mara, kichwa kinachozidi kuuma kila saa, usingizi mzito asioamshika vizuri, degedege, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu kuishiwa nguvu, maneno yasiyoeleweka. Maji meupe yanayotiririka puani au sikioni, au wekundu na weusi unaojitokeza nyuma ya sikio au kuzunguka macho yote mawili, huashiria kwamba fuvu limepasuka kwa chini. Kwa mzee, kwa mlevi, na kwa anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, hatari haiishi wiki ya kwanza. Damu inaweza kujikusanya polepole chini ya fuvu na kuonekana wiki kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshasahau kwamba aliwahi kuanguka. Babu akianza kuyumba na kusahau majina ya wajukuu mwezi mmoja baada ya kuteleza bafuni, asikandwe. Apigwe picha.

Hospitalini atapewa alama kati ya 3 na 15 kwa kipimo kilichotungwa Glasgow mwaka 1974, kinachotazama macho, maneno na jinsi viungo vinavyoitika. Alama 13 hadi 15 ni jeraha dogo, 9 hadi 12 ni la kati, 8 kushuka chini ni zito. Omba alama hiyo iandikwe kwenye barua ya rufaa pamoja na saa iliyochukuliwa, ili atakayempokea Mwingi, Kitui au Nairobi ajue kama mgonjwa anapanda au anashuka. Na kabla gari halijawashwa, muuguzi apige simu aulize ni hospitali ipi ina mashine ya CT inayofanya kazi leo hii. Kutoka Tseikuru kupitia Kyuso hadi Mwingi ni mwendo, na kufika ukaambiwa mashine imeharibika ni kupoteza saa ambazo mgonjwa hana.

Saa hizo zina thamani inayopimika. Dawa ya traneksamiki, inayosaidia damu isiendelee kuvuja, ilijaribiwa katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2019 ukihusisha wagonjwa zaidi ya 12,000 wa nchi nyingi. Ilionekana kupunguza vifo kwa wale ambao jeraha lao halikuwa zito sana, mradi waipate mapema ndani ya saa 3. Kinyume chake, sindano za steroidi ambazo zamani zilitolewa ili kupunguza uvimbe wa ubongo ziliongeza vifo katika utafiti wa mwaka 2004 uliokuwa na watu zaidi ya 10,000. Mtu wa kliniki ya sokoni akitaka kumchoma deksamethasoni kwa sababu kichwa kimevimba, mwambie hapana. Diklofenaki, aspirini na Brufen nazo zisubiri mpaka ijulikane hakuna damu inayovuja ndani. Panadol inatosha.

Picha ikiwa safi na akaruhusiwa kwenda nyumbani, apumzike siku moja au mbili. Baada ya hapo asifungiwe chumbani gizani. Ushauri wa kumfungia mtu gizani wiki nzima umepitwa na wakati. Makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Amsterdam mwaka 2022 yanataka atembee na afanye kazi nyepesi za nyumbani kuanzia siku ya pili au ya tatu, na apunguze kazi dalili zikipanda.

Fuvu halisukumwi

Osteopathi, tiba ya kushika na kunyoosha mwili kwa mikono, ilianzishwa na Andrew Taylor Still, Mmarekani, mwaka 1874. Mwaka 1892 alifungua shule yake Kirksville, Missouri. Mmoja wa waliosoma hapo, William Garner Sutherland, ndiye aliyekuja kudai kwamba mifupa ya fuvu la mtu mzima inachezacheza kwa mdundo, na kwamba mtaalamu anaweza kuuhisi mdundo huo viganjani na kuurekebisha. Kitabu chake kilitoka mwaka 1939, na kutoka kwake ikazaliwa tiba ya fuvu ambayo leo watu waliopata ajali wanauziwa kama dawa ya ubongo.

Sikubaliani nayo, na sababu ni mbili. Mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshikana kwa nguvu isiyochezeshwa na vidole. Pili, watafiti walipowapa wataalamu wawili mgonjwa mmoja wamhesabie huo mdundo, hesabu zao hazikulingana. Kitu ambacho mafundi wawili hawawezi kukihesabu sawa kwenye kichwa kimoja sioni kinarekebishwaje.

Hilo halimaanishi kwamba anayeshikwa kichwa kwa upole nusu saa katika chumba kimya hapati nafuu. Anaipata. Amelala, ametulia, ameguswa kwa huruma, na misuli ya shingo imelegea. Ila nafuu hiyo unaweza kumpatia nyumbani bila nauli ya Nairobi wala kuuza mbuzi.

Kenya ina historia yake ya mikono na fuvu, tena nzito kuliko ya Missouri. Kule Gusii, mafundi wa kienyeji walikuwa wakipasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa mtu aliyepigwa ambaye kichwa kilikataa kuacha kuuma. Madaktari waliwaandika katika majarida ya tiba ya karne ya 20, na baadhi ya wagonjwa wao walishikilia kwamba walipona. Siitaji ili mtu aige. Naitaja kwa sababu ya wale wanaosema kijana aliyepata ajali mwaka jana anadeka anapolia kichwa. Mtu hakubali kukwanguliwa fuvu kwa kudeka.

Na neno moja kuhusu kanisani, kwa kuwa Tseikuru mgonjwa atapelekwa kuombewa tu, na vyema apelekwe. Maombi hayana neno. Kukishika kichwa na kukitikisa, au kumsukuma mtu mpaka aanguke chali, kuna neno. Mwambieni mchungaji mapema amwekee mkono begani.

Shingo, baada ya wiki ya kwanza

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na shingo ndiyo iliyokibeba kiliporushwa mbele na kurudishwa nyuma. Maumivu yanayotoka shingoni yana tabia yake: yanaanzia chini ya kisogo, yanapanda upande mmoja mpaka juu ya jicho, yanazidi ukigeuza shingo au ukiinama kwa muda, na ukibonyeza misuli ya ukosi unayaamsha yaleyale. Mgonjwa wako akieleza hivyo, kuna la kufanya.

Kathryn Schneider na wenzake wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walilipima jambo hili kwa wanamichezo waliopigwa kichwa na kubaki na kizunguzungu, maumivu ya kichwa na shingo. Kundi moja lilipata matibabu ya mikono ya shingo pamoja na mazoezi ya shingo na ya mizani ya mwili, inayotegemea sikio la ndani. Jingine lilipumzika, likanyoosha viungo na kurudi mchezoni polepole. Ndani ya wiki 8, asilimia 73 ya kundi la kwanza walikuwa wameruhusiwa kurudi kucheza, na asilimia 7 tu ya kundi la pili. Watu walikuwa wachache, wapatao 30, kwa hiyo nisiipigie debe kupita kiasi. Lakini angalia kilichotibiwa: shingo na sikio. Fuvu halikuguswa.

Kabla ya mkono wowote kugusa shingo, pitia maswali haya. Je, picha ya shingo imetazamwa na mtaalamu? Je, akigeuza kichwa taratibu anaona vitu viwiliviwili, anatetemeka macho, anashindwa kumeza au kutamka, au uso unakufa ganzi? Je, mikono yote miwili ina ganzi? Je, mfupa wenyewe wa katikati ya shingo unauma ukiguswa? Ndiyo moja katika maswali matatu ya mwisho inatosha kumrudisha hospitali, na hapana kwenye swali la kwanza pia. Mishipa miwili inayopeleka damu kwenye sehemu ya nyuma ya ubongo inapita ndani ya pingili za shingo, na shingo ikipindwa kwa ghafla inaweza kuchanika na kuleta kiharusi. Hutokea mara chache, lakini hakuna sababu ya kucheza kamari hiyo na mtu aliyekwisha kuumia. Ndiyo maana kinyozi aambiwe kabla hajawasha mashine: nyoa, ukitaka sugua mabega, shingo usizungushe.

Mkandaji wa kijijini naye si wa kufukuzwa. Wengi ni kina susu, yaani bibi zetu, waliokwisha kukanda vizazi viwili, na mikono yao inajua misuli kuliko ya daktari kijana. Mpe kazi yake. "Susu, miguu na mgongo nakuachia. Shingo bado, tunasubiri picha." Sijaona anayekasirika akiambiwa hivyo kwa adabu, hasa akiwa ameshapewa kikombe cha uji.

Shingo ikisharuhusiwa, hii ndiyo mbinu ya mikono iliyo salama kufanywa na ndugu aliyeonyeshwa na mtaalamu wa fiziotherapia, na wataalamu wa osteopathi nao wanaitumia sana. Mgonjwa alale chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, taulo nyembamba chini ya kichwa. Wewe keti nyuma ya kichwa chake, viwiko vyako vikiwa vimetua sakafuni ili mikono isichoke. Ingiza vidole vya mikono yote miwili chini ya kisogo, pale mfupa unapoishia na nyama kuanza, ncha za vidole zikitazama juu. Usisukume. Acha uzito wa kichwa chenyewe ushuke juu ya vidole. Mwanzoni utahisi kamba mbili ngumu za misuli. Baada ya dakika moja hivi zinaanza kulainika na kichwa kinazidi kuwa kizito mikononi mwako. Dakika 2 au 3 zinatosha. Hakuna kuvuta, hakuna kugeuza, hakuna sauti ya mfupa inayotafutwa. Maumivu yakipita 3 kwa kipimo cha 0 hadi 10, toa vidole polepole.

Kabla ya hapo, kitambaa kilicholowekwa maji ya vuguvugu kikae begani na ukosini dakika 10. Pima joto lake kwenye kifundo cha mkono wako mwenyewe, kwa sababu ngozi ya aliyeumia ubongo huenda haihisi moto sawasawa. Mafuta ya nazi au Vaseline yoyote yanafaa. Dawa za kuwasha hazina kazi ya ziada, na zikimgusa macho utakuwa umeongeza shida.

Mikono peke yake haitoshi. Shingo iliyotulizwa bila kufundishwa kazi inarudi kukaza kesho yake. Akiwa bado amelala, aitikie "ndiyo" kidogo sana, kidevu kikielekea kooni bila kichwa kuinuka kwenye taulo, ashikilie kwa sekunde 5 hadi 10, arudie mara 10. Ni zoezi dogo hata linachekesha, lakini mwenye shingo iliyoumia atalihisi.

La pili linahitaji tochi ya kichwani, ile ya kufungwa kwa ukanda ambayo vijana wengi wanayo. Aketi kwenye stuli kama sentimita 90 kutoka ukutani, awashe tochi, na pale mwanga unapopiga akiwa ametazama mbele weka alama ya mkaa. Afumbe macho, ageuze kichwa kulia, kisha arudi pale anapodhani ni katikati. Afumbue. Mwanga ukiwa mbali na alama kwa sentimita 7 au zaidi, tena na tena, shingo yake imepoteza kumbukumbu ya mahali ilipo, na hiyo inaweza kuwa sehemu ya sababu anahisi ardhi inayumba. Arudie mara chache kila upande, kila siku, na mpige alama mpya za mkaa mwone mwanga unavyosogea karibu. Watoto wa nyumba wataugeuza mchezo, na mgonjwa atapata mashabiki.

Fanyeni haya alfajiri au jioni. Tseikuru saa saba mchana, kwa jua lake, si saa ya mtu mwenye kichwa kibovu kufanya zoezi lolote.

Kuna jambo la Ukambani ambalo vitabu vya fiziotherapia vya ng'ambo havitalitaja: mtungi wa maji wa lita 20 unaobebwa mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Mzigo wote huo unavuta misuli ileile ya shingo tunayojaribu kuituliza. Mwanamke aliyepigwa kichwa asirudi kwenye mkanda huo kwa sababu tu picha ilikuwa safi. Maji yabebwe na punda. Pasipo punda, aanze na lita 5 mkononi, abadilishe mikono, na mkanda wa kichwani uwe wa mwisho kabisa kurudi, pale anapoweza kugeuza shingo pande zote bila maumivu na bila kichwa kuuma siku inayofuata. Nyumba ikose maji ya kutosha wiki chache, majirani wapo.

Kizunguzungu cha kitandani

Uliza swali moja: dunia inazunguka anapogeuka kitandani au anapotazama juu, kwa chini ya dakika moja, kisha inatulia? Kama ndivyo, huenda pigo limeng'oa vijiwe vidogo vya chokaa ndani ya sikio la ndani vikaingia kwenye mfereji usio wao. Hapa ndipo tiba ya mikono ina ushahidi mzuri kuliko mahali pengine popote katika makala haya. John Epley wa Portland, Marekani, alitangaza mwaka 1992 mbinu ya kukigeuza kichwa kwa mfuatano maalumu mpaka vijiwe virudi vilikotoka. Inachukua dakika chache na mara nyingi inafaulu kwa kikao kimoja au viwili. Afanye aliyefundishwa, baada ya shingo kuthibitishwa kuwa nzima. Nimeona watu wakimeza vidonge vya kizunguzungu miezi mitatu kwa tatizo hili, na nasikitika kila mara.

Mwili unapokakamaa

Kwa aliyeumia vibaya, akakaa wiki au miezi hospitalini, mkono una kazi tofauti. Ubongo ukishindwa kuituliza misuli, kiwiko kinakunjika, kiganja kinafumba, kisigino kinapanda. Familia ikiona hivyo inataka kunyoosha kwa nguvu, na mkandaji anataka kuonyesha nguvu zake. Hapana. Baada ya jeraha la ubongo mwili una tabia ya ajabu ya kuotesha mfupa ndani ya nyama kando ya nyonga, kiwiko au goti, na kulazimisha kiungo kunaweza kuliharibu jambo zaidi. Kiwiko kikianza kuvimba, kuwa na joto na kuwa kigumu, simamisha kunyoosha na mwonyeshe daktari. Hali kadhalika shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma: usilichue kabisa, huenda kuna damu iliyoganda ambayo mikono itaisukuma hadi mapafuni.

Kunyoosha kunakofaa ni kwa polepole, hadi pale unapokutana na ukinzani, unangoja hapo nusu dakika au zaidi, kisha unarudi. Kiganja kilichofumba kifunguliwe kwa kukunja kifundo kwanza, kisha vidole vitalegea vyenyewe. Osha, kausha, kata kucha. Mgonjwa asiinuliwe kwa kuvutwa mkono dhaifu, kwa sababu bega lililolegea linachomoka kirahisi. Mshike mgongoni na kwenye nyonga. Ageuzwe kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya kulala. Akila, awe ameketi wima, na abaki hivyo nusu saa baada ya chakula. Vyakula vigumu kama muthokoi vitasubiri kama anakohoa akimeza. Anza na uji mzito.

Mtaalamu utampata wapi

Usitarajie kumpata mtaalamu wa osteopathi Tseikuru. Unayemhitaji ni mtaalamu wa fiziotherapia, na Kenya inawafundisha wengi kupitia vyuo vya tiba vya KMTC. Tangu sheria ya mwaka 2014 wanasajiliwa na baraza lao, kwa hiyo muulize nambari yake ya usajili bila haya. Anza kuuliza Tseikuru kwenyewe, kisha Mwingi. Kwa jeraha zito lililohitaji upasuaji wa ubongo, kliniki ya marudio itakuwa Kenyatta au hospitali nyingine kubwa ya rufaa, na hapo omba pia mtaalamu wa tiba ya kazi na wa kumeza na kusema.

Swali la kumpima mtaalamu ni hili: "Utajuaje kwamba imefanya kazi?" Anayejua kazi atakutajia kitu kinachopimika: nyuzi za kugeuka shingo, siku ngapi za maumivu kwa wiki, hatua ngapi bila kuyumba. Anayekuambia atarudisha mtiririko wa maji ya ubongo na kwamba utahitaji vikao 20 vilivyolipiwa kabla, mshukuru na uondoke.

Bima ya afya ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kujisajili kwa *147# kufanywe na kila mtu wa nyumba kabla ya ajali, si baada. Kama ulemavu umebaki, msajilini mgonjwa kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, njia ya kupata kiti cha magurudumu na vifaa vingine. Ajali iandikwe polisi kwenye kitabu cha matukio (OB) mapema, kwa ajili ya madai ya fidia.

Nunua daftari la shule. Kila jioni andikeni mambo manne tu: kichwa kiliuma kiasi gani kwa 10, alilala saa ngapi, zoezi gani lilifanyika, na kuna lililomzidishia. Kazi mpya ikipandisha maumivu kidogo na yakashuka ndani ya dakika kama 20, endeleeni. Yakibaki mpaka kesho yake, punguzeni kwa nusu. Hasira za ghafla na machozi yasiyo na sababu nayo yaandikwe, maana ni sehemu ya jeraha na daktari atataka kuyajua. Pombe isiingie mpaka daktari aseme. Na mwendeshaji boda asirudi barabarani kwa kuhesabu wiki: kwanza aweze kutazama nyuma ya bega lake kulia na kushoto bila kizunguzungu, awe hajapata degedege lolote, au kama alilipata basi daktari amruhusu kwa maandishi. Kisha aendeshe kijijini asubuhi, bila abiria, akiwa na helmeti mpya. Ile iliyogonga chini siku ya ajali hata kama haionyeshi ufa imemaliza kazi yake, na asimuuzie mtu.